Kulungu wa Kumi na Mbili

Elineema alikuwa amebakiza kulungu mmoja tu, na hakuwa tayari kumuua.

Alikaa kwenye kochi la sebuleni kwake, Mikumi, mguu wa kushoto umefungwa hogo la plasta hadi juu ya goti, simu mkononi. Ilikuwa asubuhi ya Krismasi. Watu wazima wenye akili zao walikuwa kanisani. Yeye, askari wa wanyamapori mwenye miaka kumi na minane kazini, alikuwa anacheza mchezo wa mtandaoni. Wiki ya tano hiyo hajavuka kizingiti. Kuta za nyumba yake mwenyewe alikuwa amezichoka hadi kuzichukia.

Mchezo ulikuwa umevalishwa sikukuu: theluji, kengele, mishumaa kila dirisha. Halafu misheni yenyewe sasa: tega kulungu kumi na wawili kwa waya, upate zawadi.

"Hii ni Krismasi gani?" alimwandikia mwenzake wa mchezoni. "Mtoto kazaliwa, sisi tunatega waya?"

Mwenzake alijiita Kipepeo. Hawakuwahi kuulizana majina ya kweli wala makazi. Huko kila mtu huingia na jina la kubuni, na uungwana ni kutochimba. Ila katika upweke wa wiki hizo tano, Kipepeo ndiye aliyemchekesha kila siku, na Elineema alikuwa ameanza kumpenda kama ndugu.

"Bila nyama hiyo si sikukuu, ni siku tu," Kipepeo alijibu. "Misheni inafaa sana. Kinachoniudhi ni mtego. Aliyetunga huu mchezo hajawahi kushika waya."

"Kwani mtego una kasoro gani?"

"Kafunga fundo moja, mnyama anachomoka. Unazungusha mara tatu, ncha unairudisha ndani. Halafu unapaka mavi ya ng'ombe, asinuse mkono wa mtu."

Elineema aliusoma ujumbe huo mara mbili. Kisha akageuka kutazama kipande cha waya kilicholala kando ya redio, kile kilichokatwa mguuni mwake baada ya kunaswa na kuporomokea korongoni. Hakuhitaji kukishika. Mizunguko mitatu, ncha imerudishwa ndani. Na siku ile kilinuka zizi.

Harufu hiyo ndiyo iliyompeleka Kitashu mahabusu, Kilosa. Kitashu alikuwa mfugaji, ng'ombe wake wakilala jirani na mpaka wa hifadhi, na hilo lilimtosha Elineema kumtaja.

"Afande, sisi hatuli nyama ya porini," Kitashu alisema walipokuja kumchukua, bila hata kupandisha sauti. "Muulize mtu yeyote."

Elineema hakuuliza mtu yeyote. Aliumwa, alikuwa na hasira, alitaka mtu wa kubeba lawama. Keshokutwa gari lingekuja kumchukua akatoe ushahidi, na baada ya hapo Kitashu angekwenda jela, watoto wake wabaki kuchunga peke yao.

Lakini Kitashu alikuwa ndani, hana simu. Kipepeo alikuwa hapa, anaandika.

Aibu ilimpanda Elineema hadi masikio yakawaka. Basi atamtoa Kitashu. Atasema mbele ya kila mtu kwamba alikosea, na nafasi ile ya mahabusu atamkabidhi mwenye waya. Ila Kipepeo alihitaji kuvutwa taratibu.

"Kumbe wewe fundi!" aliandika. "Uko wapi? Sikukuu hii nikununulie soda."

"Niko Mikumi hapa. Wewe?"

Mikumi! Mji huohuo. "Kilosa, Magomeni," alidanganya. "Kesho napanda basi."

"Poa. Ngoja nipeleke kitoweo mahali, nikitulia tutapanga. Huyo wa mwisho usimguse bila mimi."

Kipepeo akabaki amesimama kwenye theluji, hatikisiki. Elineema naye akatulia. Kwa mara ya kwanza tangu avunjike mguu, alitabasamu. Jamaa kaingia kitanzini mwenyewe, tena kwa miguu yake.

Mlango ukafunguliwa. Paulina, mkewe, alikuwa ametoka kanisani, na nyuma yake mdogo wake, Lupakisyo, amebeba ndoo yenye mfuniko.

"Nimemkuta hapo getini," Paulina alisema, uso umemchangamka. "Mbuzi tena! Krismasi ya nne hii hajatusahau."

"Shikamoo, shemeji. Mguu unasemaje?"

"Marahaba. Unapona, shukrani kwako."

Na alimaanisha. Lupakisyo ndiye aliyemkuta korongoni siku ile akiwa hajitambui, akambeba mgongoni hadi barabarani, akilia njia nzima. Daktari alisema saa mbili zaidi wangemzika. Elineema alitamani kumweleza palepale kwamba mwenye waya amepatikana, lakini akajizuia. Habari tamu kama hiyo ingefaa waisikie wameshiba.

Paulina alichukua ndoo akaenda nayo jikoni. Nyama ilikuwa imeshachunwa na kukatwakatwa vipande vidogo, kama ilivyokuwa kila mwaka.

Lupakisyo alikaa kwenye kigoda, akajifuta mikono kwa leso, akatoa simu yake mfukoni.

"Dakika moja, shemeji," alisema. "Kuna mtu nimemwacha ananingoja."

Kwenye simu ya Elineema, katikati ya theluji, Kipepeo akainua mkono.