Taa ya Barazani

Kwa miaka mingi Mwatumu aliitazama, kwa darubini ya kituo cha mlimani, galaksi moja iliyochomoza upande wa kwao bondeni. Mwanga wake ulipochambuliwa, ulionyesha mstari mmoja mwangavu ambao hakuna mtaalamu aliyeweza kuueleza. Mstari huo ndio uliompa umaarufu.

Mama yake alipofariki, alishuka kwenda kumzika. Jioni ya kuanua matanga, Kibwana, mwenzake wa kazi, alimpigia simu kutoka kituoni.

“Pole tena kwa msiba, dada. Ule mstari umetoweka tangu ulipoondoka.”

Mwatumu aliinua macho. Juu ya baraza ilining'inia taa kubwa ya zebaki, ambayo mama aliiwasha kila magharibi, akisema mwanangu akija asijikwae. Tangu afariki hakuna aliyeigusa.

Akaiwasha. Kule kituoni Kibwana akaangalia tena.

“Mstari umerudi!” Kibwana alisema. “Umefanya nini?”

“Ni taa ya mama. Mwanga wake ndio uliokuwa ukiingia kwenye darubini.”

Kibwana alishusha pumzi. “Basi izime, dada. Tumejidanganya vya kutosha.”

Kidole cha Mwatumu kilikuwa juu ya swichi. Mbele yake, njia nzima ilimeremeta hadi chini ya mlima, haina mtu.