Namba Chini ya Chungu

Mashine ilikikataa kidole cha mama Doreen kwa mara ya nne.

Ambwene alikipangusa kioo cha mashine kwa fulana yake, akakishika tena kile kidole gumba, kilicholainika kama kokoto ya ziwani, akakibonyeza. Taa nyekundu.

"Mama, hiki kidole umekitoa wapi? Maana hata mashine inakishangaa."

Foleni ikacheka. Ambwene alikuwa na maneno. Pale Matema walisema anaweza kumsajilia laini ya simu hata mbuzi, mradi mbuzi mwenyewe acheke. Mama Doreen hakucheka. Alikuwa amevuka kwa mtumbwi kutoka Ikombe tangu alfajiri, na mkononi alishika kitochi, simu ndogo ya vitufe, kilichofungwa mpira ili betri isidondoke.

"Laini ni ya binti yangu," alisema. "Wametuma ujumbe. Isipohakikiwa mpaka Jumamosi ijayo, wanaifunga."

"Ahaa. Kumbe tunagombana na mashine bure." Ambwene akaiweka chini. "Sikiliza mama yangu. Laini iliyosajiliwa kwa kidole cha Doreen inahakikiwa kwa kidole cha Doreen. Ndivyo utaratibu ulivyotoka huko juu. Mimi niko huku chini, chini ya mwavuli. Aje mwenyewe."

"Hawezi kuja."

"Yuko mbali?"

"Yuko nyumbani. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba."

Ambwene akatikisa kichwa. Mabinti wa siku hizi, alijisemea: mama anapigwa na mawimbi, yeye yuko migombani anakula kivuli. Lakini alikuwa na huruma zake, hivyo akatafuta njia.

"Basi nikupe laini mpya kwa jina lako wewe. Dakika tano tu, unaondoka nayo."

"Namba ndiyo hii." Mama Doreen alichukua chungu kimoja kati ya viwili alivyoleta kuuza sokoni, akakigeuza. Chini palikuwa na tarakimu kumi, zimechorwa kwa kijiti cha mwanzi udongo ukiwa bado mbichi, na pembeni yake kibonyeo kidogo, kama nukta ya kumalizia. "Kila alichofinyanga aliandika hivi. Vipo Mbeya, vipo Malawi, vipo jikoni kwa watu nisiowajua. Wakitaka kingine, wanampigia."

Kama vile kimesikia kinasemwa, kitochi kikalia. Mama Doreen alikipokea kwa mikono miwili.

"Ndiyo, ni namba ya Doreen. Hapana, mimi ni mama yake."

Kitochi hakina siri. Sauti ya mwanamke ikasikika foleni nzima: anapiga kutoka Katumba Songwe, chungu cha Doreen kina mwaka wa tatu hakijapata ufa, na mume wake sasa hataki hata kuona maharage ya kwenye sufuria. Na Doreen mwenyewe alivyo na mikono mizuri, na siku ile alivyomchekesha pale sokoni mpaka akasahau chenji.

Mama Doreen alikuwa amefumba macho.

"Endelea tu, mama," alisema mama Doreen, yule wa upande wa pili aliponyamaza. "Nakusikia."

Ambwene, ambaye macho yake hayakukosa kitu, aliliona jambo moja. Simu ilikatika bila mama kuuliza mteja anataka vyungu vingapi. Biashara gani hii, akawaza.

"Sasa mwambie Doreen hivi," alisema, akimrudishia kitambulisho cha binti alichokuwa amekuja nacho. "Kama ananionea aibu, asije yeye. Aniletee kidole tu, mengine abaki nayo nyumbani."

Foleni ikacheka tena. Mama Doreen akamtazama, akamtazama tena, kama mtu aliyeonyeshwa kinjia porini.

"Kidole tu?"

"Kidole tu. Gumba la kulia ndilo zuri. Na kiwe kisafi, hii mashine yangu inadeka."

"Ndaga," alisema mama Doreen, akashukuru hivyo kwa kuinama, akabeba vyungu vyake viwili kwenda sokoni. Kabla ya saa sita vyote vilikuwa vimenunuliwa.

Jumamosi iliyofuata ziwa lilichafuka. Mitumbwi mingi haikuvuka. Kufika saa tisa Ambwene hakuwa na mteja hata mmoja, lakini hakuukunja mwavuli. Kila mara alichungulia upande wa Ikombe, halafu akaangalia chaji ya mashine.

Akamwona anakuja kando ya maji, gauni limelowa mpaka kiunoni. Alikuwa peke yake. Mgongoni alikuwa na mzigo uliofungwa kwa kitenge, kaushikilia kwa mkono mmoja kwa nyuma, na alikanyaga mchanga polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mama yangu, nilishakata tamaa," alisema Ambwene, akimpisha kivulini. "Doreen yuko wapi? Au ndiyo amekutuma na mjukuu? Kachanga hivyo, kwenye mawimbi haya?"

Mama Doreen alipiga magoti, akafungua kitenge, akaupakata mzigo. Kilikuwa chungu cha kijivu, bila rangi nyekundu, bila maua meupe ya vile alivyouza. Alikigeuza taratibu, akapuliza mchanga uliokuwa umeingia kwenye tarakimu kumi, akamwonyesha Ambwene kile kibonyeo cha pembeni. Mistari yote ilionekana.

"Hiki hapa, gumba la kulia. Nilikuwepo akibonyeza," alisema. "Ila taratibu, mwanangu, hakijachomwa. Tulimzika kabla hajakichoma, na vingine vyote nimeshauza."