Shokapu Mpya

Makame alifunga shokapu mpya kwenye gari lake la spoti, akazikaza hadi mwisho, zisinese hata kwenye mashimo, ili lisiyumbe kwenye kona. Siku alipomchukua mama yake hospitali, alikata kona zote kwa mbwembwe.

“Unalionaje, mama?”

“Zuri, mwanangu. Nishushe hapa, kuna mtu nataka nimsalimie.”

Aliposogea mbele alimwona kwenye kioo: amejishika kiuno, anaelekea nyumbani, hajabisha hodi kokote. Kitini ilibaki kanga yake, imekunjwa mara nne, pale alipokuwa ameikalia.

Makame alisimamisha gari, akachukua spana, akalala uvunguni na kuanza kulegeza shokapu. Alisikia kandambili za mama yake zikija taratibu. Zikasimama karibu na kichwa chake.

Hakutoka. Aliendelea kuizungusha nati iliyokwisha kulegea.