Mtihani wa Kutazama Ukuta

Mwalimu Abrahamu aligeuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta wa kanisa, mgongo kwa watu wote.

"Aanze wa kwanza," alisema. "Asikohoe wala asinisalimie. Nikijua ni nani, nitamwonea huruma."

Wapigaji wa tarumbeta la kanisa walikuwa wawili tu, na kila mtu Lukozi aliwajua. Lakini utaratibu ni utaratibu. Ndivyo alivyopimwa Mwalimu mwenyewe, na aliyempima alipimwa hivyo na Mjerumani aliyelipandisha tarumbeta hilo kutoka Mombo likiwa limeviringishwa kwenye blanketi.

Kabla ya hapo Wasambaa walikuwa na baragumu la pembe. Mwalimu alilieleza jambo hilo kila mwaka, na siku hiyo aliueleza ukuta.

"Baragumu halikuwa burudani. Likilia, aliyekaa anasimama. Ndiyo kazi yake. Ukipiga na watu wakabaki wamekaa, umepuliza bomba tu."

Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka mwezi wa pili, na tarumbeta halipigwi kwa ufizi. Kesho ilikuwa Pasaka. Alfajiri lazima mtu apige tarumbeta makaburini, kama lilivyopigwa kila Pasaka. Miaka mingine mtihani ulikuwa wa kuwapima wanafunzi tu, lakini atakayeshinda leo angepiga kesho, na tarumbeta lingekuwa mikononi mwake hadi naye aishiwe meno.

Wa kwanza alikuwa Kristian, mtoto wa dada yake Mwalimu. Wa pili alikuwa Rubeni, mkulima wa kabichi mwenye miaka arobaini na mmoja, aliyekwisha kushindwa mara tatu. Mwaka uliopita, alipoanza kupiga, mzee mmoja wa kanisa alitoka nje kuangalia ni mbuzi wa nani. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba mara ya nne ndiyo ya mwisho.

Rubeni hakukata tamaa. Mkewe, Sesilia, alimkataza kufanya mazoezi nyumbani kwa sababu ng'ombe aligoma kushusha maziwa. Kwa hiyo alifanyia mazoezi barabarani, amekaa juu ya magunia yake ya kabichi, akingoja basi.

Basi lenyewe lilikuwa geni. Tangu mambo yawe ruksa na watu waanze kuleta magari yao wenyewe, mfanyabiashara mmoja, Sharifu, alikuwa amenunua basi lenye honi ya mabomba matatu juu ya paa. Likifika kona ya juu lilipiga sauti nne: chini, kati, juu, kisha likarudi chini. Halikungoja zaidi ya dakika mbili. Aliyechelewa alibaki na mboga zake mpaka zimnyaukie. Mwalimu hakulipenda. Mara mbili lilikuwa limepita katikati ya mazoezi ya kwaya, na mara zote mbili sauti ya pili yote ilitoka mbio.

Jumamosi hiyo mvua ya masika ilikuwa imelichelewesha. Wauzaji walijibanza kanisani na mizigo yao. Hawa, muuza karoti, ambaye kwa kawaida hakuwa na shughuli yoyote kanisani, alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, tenga lake miguuni.

"Bibi Hawa, tuna mtihani hapa," Mwalimu alisema bila kugeuka.

"Endeleeni, Mwalimu. Mimi na karoti zangu hatusemi kitu."

Kristian alipiga. Hakukosea hata mahali pamoja. Sauti yake ilikuwa nadhifu kama shati lililopigwa pasi. Hawa alipiga mwayo. Mtu fulani upande wa madirishani alianza kukoroma.

Mwalimu aliandika kwenye karatasi: *hakukosea*.

"Wa pili."

Mtu akasogea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Nimesema usinisalimie!"

"Samahani, Mwalimu."

"Na usiniombe samahani!"

Hawa aliangua kicheko. "Rubeni, baba, puliza tu. Ng'ombe hayupo hapa!"

Sauti ya kwanza ilitoka kama mlango wa banda la kuku, ikakatika. Mwalimu alifumba macho. Alikuwa na huruma, na huruma ndiyo iliyofanya aanze kuandika polepole sana.

Ndipo iliposikika: chini, kati, juu, kisha chini tena. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Kalamu ilimtoka Mwalimu mkononi.

"Basi!" Hawa alipiga ukelele.

Mabenchi yalianguka. Magunia yaliburutwa sakafuni. "Konda, ngoja! Ngoja, konda!" Aliyekuwa akikoroma alipita mbio akiuliza kiatu chake kiko wapi. Hata Kristian alisikika akikimbia na tenga la mapeasi la mama yake.

Kisha ikabaki mvua peke yake.

Mwalimu alimkasirikia Sharifu, lakini hakuwa mtu wa haraka. Alitazama saa yake, akangoja dakika mbili kamili, basi lipakie na kuondoka. Akaongeza moja kwa ajili ya matope.

"Haya, Rubeni," alisema kwa upole. "Limekwisha kupita. Anza upya, usiogope."

Tarumbeta halikulia.

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, Mwalimu Abrahamu aligeuka kabla mtihani haujaisha. Aliyatazama mabenchi, moja baada ya jingine. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amekaa. Rubeni alikuwa amesimama katikati ya kanisa, midomo imemvimba, tarumbeta kifuani.

"Nimeshamaliza, Mwalimu."

Nje, Hawa alikuwa mvuani, tenga kichwani, akiwauliza wenzake basi limeelekea wapi. Hakuna aliyekuwa ameliona.