Maswali ya Pimbi

“Elfu ishirini, Pimbi! Nilikufundisha mwaka mzima wa kwanza na hujanilipa hata senti!” Korongo alifoka mlangoni mwa maktaba ya chuo.

“Silipi,” alijibu Pimbi. “Mimi niliyefundishwa nilipata C. Wewe mwalimu ukapata A. Sasa hebu niambie, nani alimfundisha mwenzake?”

Tusidanganyane, Pimbi hakuwa na akili nyingi. Kazi yake ilikuwa kuuliza tu. Jioni zile tamu, wakigombania sahani moja ya mihogo ya kukaanga, Korongo akimaliza kueleza, Pimbi husema, “Sijaelewa, ndugu yangu. Kwa nini iwe hivyo?” Korongo hukasirika, akatafuta mfano mwingine, na mwingine tena, mpaka somo likamkaa yeye mwenyewe kichwani.

“Na mwaka huu, mwalimu, umepata nini?” Pimbi alimchokoza.

Korongo akainamisha shingo. Mwaka huu alijifungia chumbani, akasoma peke yake kwa raha zake, akipigia mistari kila ukurasa. Amepata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na akizifeli anafukuzwa chuo.

“Nazikumbuka jioni zile,” alisema kwa sauti ndogo. “Hata kelele zako nazikumbuka. Sapu ni wiki ijayo. Njoo uniulize, bwana.”

“Kuja nitakuja,” alisema Pimbi. “Lakini maswali ya mwaka wa kwanza hujayalipia. Nilipe kwanza.”