Pembe Zilizoota Vidole

Pembe zilikuwa zimeota vidole.

Mzikayise alizitazama akiwa langoni, mfuko wa safari ungali begani. Zilikuwa pembe pana za maksai, zimefungwa juu ya mlango wa nyumba kubwa, na kila moja imechomoza mirija ya rangi ya udongo, minene kama vidole vya mtoto. Mgeni angedhani zimechipua. Yeye, aliyechunga ng'ombe kwenye vilima hivi hivi, alijua ni kazi ya nondo.

Ni nondo mdogo, ukimweka juu ya ukucha anaenea, mbawa za kijivu zilizochujuka, kichwani nywele za rangi ya kutu zilizosimama ovyo kana kwamba ameamka sasa hivi. Akishakuwa na mbawa hali kitu. Hutaga mayai juu ya pembe. Funza ndiye anayeingia na kuila polepole, huku akijijengea ile mirija ya kutokea. Kule migodini Mnyasa mmoja alimwambia kwamba hata kwao nondo ni huyo huyo. Na kote ana sharti moja: pembe ya mnyama aliye hai haigusi.

Baadhi ya mirija ilikuwa imekauka na kupauka, mingine mibichi. Pembe zile zilikuwa zimekaa pale misimu kadhaa.

Akaushusha mfuko chini. Pembe za namna hiyo haziwekwi mlangoni kwa urembo. Ni za ng'ombe wa kumrudisha marehemu nyumbani, ili roho yake isizurure huko nje peke yake, na katika ukoo wao alichinjiwa mwanamume tu. Ng'ombe wa baba yao alichinjwa wakati Mzikayise angali hapa. Mwanamume aliyebaki nyumbani alikuwa mmoja, mdogo wake, Fanyana.

Na neno alilokuja nalo lilikuwa la Fanyana. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: nisamehe. Zamani, kwa hasira za ng'ombe walioingia shambani, alimpiga mdogo wake fimbo mbele za watu, akampofua jicho. Siku hiyo hiyo akakimbilia Johannesburg, na aibu ikamfunga mdomo. Hakutuma salamu kabisa, hata mgodi wake wa kwanza ulipoporomoka na kufukia wenzake muda mfupi baada ya yeye kuhamia mwingine. Alilala kwenye mabweni yaliyojaa watu pomoni, na bado alikuwa mpweke. Kila mwaka alisema atarudi mwakani.

"Baba, umesimama kama mtu aliyekuja kuposa akasahau maneno!"

Mwanamke kijana alitoka jikoni na kata ya uji mchachu, akajitambulisha kuwa ameolewa na kijana wa nyumba hii. "Karibu, kaa. Wenyewe wako malishoni."

Mzikayise alikwenda kukaa upande wa wanaume bila kuonyeshwa, chini ya pembe. Kata aliiweka kando.

"Nani aliyerudishwa, mwanangu?"

"Haa! Unataka nitozwe mbuzi? Mimi mkwe hapa, majina ya wakubwa siyatamki."

"Ulimkuta?"

"Wapi! Nimeolewa juzijuzi tu. Ninachosikia ni kwamba alikuwa mtu mgumu." Akapunguza sauti. "Lakini siku ya shughuli yake, wanasema, watu walilia mpaka nyama ikapoa."

Mgumu? Fanyana, aliyekuwa akilia ndama wakipigwa chapa? Labda jicho lile ndilo lililomgeuza. Hilo nalo ni kosa langu, Mzikayise aliwaza, na lilimuuma kuliko yote.

Mwanamke aliporudi jikoni, Mzikayise aliinua uso na kuzisemesha pembe. "Fanyana, ndugu yangu, nilikuwa mjinga. Nilidhani siku zitaningoja."

Nondo mmoja alijipenyeza kutoka kwenye ncha ya mrija, akaanguka juu ya mkono wa koti lake, akatulia hapo. Hakumfukuza. Alikuwa ndiye mwenzake pekee kwa wakati ule, na mbele yake alilia bila kujificha.

Jua lilipoinama, ng'ombe walirudi. Nyuma yao alikuja mzee akipiga mluzi, kichwa kimelala upande, kama afanyavyo mtu wa jicho moja.

Mzikayise akasimama. Furaha ilimjaa. Neno lake lilikuwa limeshafika ulimini.

Mzee alimwona pale chini ya pembe, na mluzi ukakatika. Alivua kofia, akalaza fimbo chini, akapiga magoti kwenye samadi, jicho lake lisithubutu kuinuka. Akaanza kuwaita waliotangulia, mmoja baada ya mwingine: babu yao, kisha baba yao, na baada ya baba akamwita Mzikayise.

"Tulikuchinjia maksai mweusi, kaka," alisema. "Mbona umechelewa hivi kufika?"