Sahani ya Peke Yake

Miaka hiyo kila mtu alivaa bangili iliyopima uhakika wa moyo. Ikigeuka nyekundu, basi moyo wako umejifunga, hausikii tena la mtu. Na kwa sheria, mwenye bangili nyekundu hali sinia moja na wenzake.

Zaituni alipakua wali sinia nzima, kisha akamtengea mwanawe Haroub sahani ya peke yake. Kijana alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka kwa Jamaa wa Jibu Moja, kundi la dini lililomkataza hata kumsalimia dada yake. Zaituni hakumwuliza rangi ya bangili. Alipoondoka ilikuwa nyekundu, ikamtosha.

"Leo utaniambia walikulisha nini," alisema. "Sikuachi mpaka nikutoe huko."

"Hawakunilisha kitu, mama. Baba alipofariki nililala na maswali, nikaamka nayo. Kule kila kitu kina jibu, mpaka mguu wa kutanguliza mlangoni. Nikapumzika. Ila siku hizi maswali yamerudi. Ndiyo maana nimekuja."

"Uongo! Wamekufundisha useme hivyo. Yaliyo moyoni mwako nayajua mimi kuliko wewe."

"Mama, nisikilize kidogo tu."

"Sina la kusikiliza!"

Haroub akakunja mkono wa kanzu. Bangili yake ilikuwa nyeupe. Ya mama yake ilikuwa inawaka kama kaa la moto.

Taratibu, akaichukua ile sahani, akaiweka mbele ya mama yake.